SARE: JE, NI PAMBO, NI UDUGU AU NI KAMBA?

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimenipa nafasi niandike makala ya kuelimisha, nami nimechagua sare. Sina nia ya kuzungumzia sare za shule ambazo kila asubuhi tunakaguliwa pale langoni. Nataka kuzungumzia sare za vyama vya wasichana: zilikotoka, zilivyovaliwa hapa kwetu Mombasa na kwengineko, na jinsi kitambaa kidogo cha shingoni kinavyoweza kumjenga msichana au kumfunga.

Kisa chenyewe kilianza darasani. Tulikuwa tukisoma Historia, habari za Vita vya Pili vya Dunia, na kitabuni mlikuwa na picha ya wasichana wamejipanga safu. Wamevaa blauzi nyeupe, sketi nyeusi-nyeusi, na skafu shingoni iliyokamatwa kwa pete ya ngozi. Mimi nikamnong'oneza mwenzangu wa deski, "Ebu tazama, Girl Guides wa zamani!" Mwalimu akanisikia. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Hao si Girl Guides. Hao ni watoto wa Hitler."

Wallahi nilishtuka. Mimi mwenyewe ni Girl Guide tangu kidato cha kwanza, na skafu yangu naifunga vivyo hivyo. Nikajiuliza, inakuwaje nguo zifanane namna hii na mambo yawe mbali kama mbingu na ardhi? Au pengine hayako mbali sana? Nikaanza kutafuta.

SARE YA GIRL GUIDES ILIANZAJE?

Watu wengi hudhani kwamba wasichana waliitwa wakavishwa sare. Sivyo. Wasichana walijivisha wenyewe.

Mwaka 1908 Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Kiingereza, alitoa kitabu cha kuwafunza wavulana uskauti. Huyu ndiye aliyeuongoza mji wa Mafeking, kule Afrika Kusini, ulipozingirwa na Makaburu mwaka 1899 hadi 1900, na wakati huo vijana wa mji ule walivishwa sare na kutumwa kupeleka barua. Kitabu kilipotoka, wavulana wakajiunga kwa wingi. Basi Septemba 1909 maskauti zaidi ya elfu kumi wakakusanyika London, mahali palipoitwa Crystal Palace. Katikati ya umati ule kukatokea kikundi cha wasichana. Hawakualikwa. Walikuwa wamejishonea sare, wamevaa kofia pana na skafu, wakasimama pale na kudai kwamba nao ni maskauti.

Zama zile msichana wa Kiingereza kukimbia, kupanda miti na kulala hemani ilikuwa aibu kubwa. Kwa hivyo mwaka 1910 kikaanzishwa chama chao peke yao, Girl Guides, na uongozi akapewa Agnes, dada yake Baden-Powell. Sare yao ikawa ya buluu iliyokoza. Baadaye Olave, mkewe Baden-Powell, akawa ndiye kiongozi mkuu wa Guides duniani, kuanzia mwaka 1930.

Kila kitu katika sare ile kilikuwa na kazi yake. Skafu ilikuwa bandeji ya kufungia mkono uliovunjika. Mshipi ulikuwa wa kutundikia kisu na kamba. Firimbi ilikuwa ya kuitana msituni. Beji yenye majani matatu ilikuwa ukumbusho wa sehemu tatu za ahadi: kumtumikia Mungu na nchi, kuwasaidia watu, na kuishika sheria ya Guides. Hata leo ukimwuliza Guide yeyote maana ya yale majani, atakujibu bila kufikiri.

Hapa Kenya chama hiki kilianza mwaka 1920, wakati wa ukoloni, na mwanzoni kilikuwa cha watoto wa Kizungu. Baadaye wasichana wa Kiafrika na wa Kihindi wakaingia, na mwaka 1963, mwaka wetu wa uhuru, Kenya ikawa mwanachama kamili wa umoja wa Guides wa dunia. Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri mwaka 1938 na akafia huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko Nyeri, na majivu ya mkewe, aliyefariki mwaka 1977, yamezikwa papo hapo.

KUMBE HATA MOMBASA ZILIKUWAKO!

Siku moja nilikuwa kwa bibi yangu, Kibokoni, napiga pasi sare yangu ya Guides. Nikamwambia, "Bibi, wazungu ndio waliotuletea mambo haya ya wasichana kuvaa sare na kwenda gwaride." Bibi akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Mjukuu wangu, wewe wadhani sare umeanza wewe? Mamangu mimi alikuwa mwana lelemama."

Ndipo aliponisimulia. Lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani. Wachezaji hujipanga mstari, wakacheza taratibu kwa mikono na mabega, nyimbo zikiimbwa na mafumbo yakirushwa. Lakini lelemama haikuwa ngoma tu. Ilikuwa chama, chenye viongozi, michango, mashindano na sare. Mwanahistoria Margaret Strobel ameandika habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Vyama viwili vilivyovuma sana ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Mwanamke akiwa wa huku si wa kule, na mtaa mzima ukijua.

Wanaume nao walikuwa na beni, jina lililotokana na bendi. Ngoma hii ilizaliwa hapa pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoziona bendi za kijeshi za wazungu wakaamua kuzigeuza za kwao. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Watu wa Skochi walivaa sketi kama askari wa Uskochi, na viongozi wao wakajipa vyeo vikubwa vikubwa. Kutoka pwani beni ikaingia Tanganyika, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wajerumani, na huko ikagawanyika Marini na Arinoti. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, vikaisambaza pamoja na maaskari mpaka Kongo na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi.

Kwa hivyo akina mama walipoona wanaume wanavaa vile, nao hawakubaki nyuma. Bibi asema mamake alimweleza kwamba kuna mwaka walishona nguo za kizungu za kijeshi, kofia na mishipi, wakapita mtaani watu wakabaki kinywa wazi. Mwanamke ambaye siku zote hutoka na buibui, siku ile ni afande! Mwaka mwingine wote walivaa leso za rangi moja na viatu vya namna moja.

Nikamwuliza, "Na asiyekuwa na pesa je, Bibi?"

Akanyamaza kidogo. "Hapo ndipo penye mwiba. Kulikuwa na waliouza vipuli vyao vya dhahabu ili wasiaibike. Lakini pia kulikuwa na waliochangiwa. Mamangu alikuwa na shoga yake, mjakazi walimwita watu wenye maneno yao, kwa sababu nyanya yake alikuwa mtumwa. Ndani ya lelemama alivaa sawa na mwana wa muungwana, akasimama naye bega kwa bega. Nje, wasingeketi mkeka mmoja."

Maneno haya yaliniingia moyoni. Utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini ubaguzi wa nasaba haukwisha siku ile. Kumbe nguo ya namna moja ilimpa mtu heshima ambayo mtaa ulimnyima.

Sisemi kwamba lelemama haikuwa na kasoro. Masheikh waliikemea kwa israfu, kwani mashindano yalikula mali ya watu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alipinga sana matumizi ya fujo katika sherehe na ngoma. Polepole vyama vile vikafifia, na katika miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa wakaanzisha vyama vya aina nyingine, vya elimu na maendeleo. Lakini desturi ya sare haikufa. Nenda arusi yoyote Mji wa Kale leo, utawaona mashoga wa bibi arusi wamevaa doti za leso za namna moja, zilizonunuliwa kule Biashara Street. Hiyo ndiyo lelemama iliyobaki.

NA WALE WA KWENYE PICHA?

Sasa turudi Ujerumani. Mapema katika karne ya 20 vijana wa Kijerumani walikuwa na vyama vingi, vya maskauti, vya makanisa na vya kutembea milimani, na kila chama kilikuwa na nguo zake. Mwaka 1930 chama cha Nazi kikaanzisha cha kwake cha wasichana, Bund Deutscher Mädel, yaani Umoja wa Wasichana wa Kijerumani. Mwanzoni kilikuwa kidogo. Januari 1933 Hitler akachukua serikali, na hatua kwa hatua vyama vingine vya vijana vikavunjwa au vikamezwa. Desemba 1936 ikapitishwa sheria kwamba vijana wote wa Kijerumani ni wa chama hicho, na Machi 1939 kujiunga kukawa lazima. Wasichana wa miaka 10 hadi 14 walikuwa na tawi lao, na wa miaka 14 hadi 18 ndio waliokuwa katika chama chenyewe.

Sare yao ilikuwa hivi: sketi ya buluu iliyokoza, blauzi nyeupe, skafu nyeusi iliyopitishwa katika kifundo cha ngozi iliyosukwa, na koti fupi la rangi ya kahawia. Mkononi kulikuwa na alama ya pembetatu yenye jina la jimbo la msichana. Skafu na kifundo hakupewa mtoto siku ya kwanza. Sharti kwanza ashinde mtihani wa kukimbia, kuruka, kutupa mpira na kujibu maswali juu ya chama na kiongozi wake. Mapambo hayakupendwa. Walitakiwa wote waonekane sawa, bila ya kujulikana nani mtoto wa tajiri na nani mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani.

Msomaji, hapa ndipo ilinibidi nisimame nifikiri. Maana hayo ya usawa ndiyo yaleyale aliyonisimulia Bibi! Wasichana wengi wa Kijerumani waliipenda sare ile kwa sababu hizohizo tunazoipendea yetu: nyimbo, safari, moto wa usiku, kutoka nyumbani bila ya kuulizwa maswali, na kujiona wewe ni mtu muhimu. Sasa ubaya ulikuwa wapi?

Nimeuona mahali patatu.

Kwanza, mlango. Sare ile ilisema "sisi sote ni sawa", lakini msichana wa Kiyahudi hakuruhusiwa kuivaa hata kama alizaliwa mtaa huohuo na kusoma darasa hilohilo. Jana mwaketi deski moja, leo wewe una skafu na yeye hana, na kesho huruhusiwi kumsalimu. Mwisho wa safari ile tunaujua: Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa.

Pili, hiari. Wale wasichana wa Crystal Palace walivaa sare bila ya ruhusa ya mtu. Wana lelemama walichagua rangi yao wenyewe, na aliyechoka alihama. Huku Ujerumani baada ya 1939 mzazi aliyemzuia mwanawe aliweza kuadhibiwa. Nguo isiyoweza kuvuliwa si vazi tena, ni kamba.

Tatu, ahadi. Ahadi ya Guide humwelekeza kwa Mungu, nchi yake na watu wenye haja. Wale waliapishwa kumtii mtu mmoja. Mtu huyo akipotea, wote wamepotea. Vita vilipokwisha Mei 1945 Ujerumani ilikuwa magofu, na Oktoba mwaka huohuo mataifa yaliyoshinda yakavivunja vyama vyote vya Nazi kwa sheria, pamoja na hicho cha wasichana.

MSICHANA MMOJA

Si wote walioendelea kufuata. Sophie Scholl alijiunga na chama hicho mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Baba yake alimpinga Hitler, lakini watoto hawakumsikiliza. Sophie alivaa sare kwa furaha, tena akawa kiongozi wa kikundi. Kidogo kidogo akaanza kuona na kuuliza. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Munich, yeye, kaka yake Hans na rafiki zao walikuwa na kikundi cha siri kilichoitwa Waridi Jeupe, wakaandika karatasi za kuwaambia Wajerumani ukweli juu ya mauaji yaliyokuwa yakifanywa kwa jina lao. Tarehe 18 Februari 1943 alikamatwa akizisambaza chuoni. Siku nne baadaye alihukumiwa na kukatwa kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Alikufa tarehe 22 Februari. Guides wenzangu mtaijua tarehe hiyo. Tangu mwaka 1926 ndiyo siku yetu ya kukumbukana duniani kote, kwa kuwa ndiyo siku waliyozaliwa Baden-Powell na mkewe. Kwa Kiswahili tunaiita Siku ya Kutafakari. Nilipoziona tarehe hizo mbili zimekutana, nilifunga daftari nikakaa kimya.

YALIYOTUPATA SISI

Sasa nitasema jambo ambalo si rahisi kulisema, lakini makala bila ya ukweli ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka jana tulialikwa gwaride la siku kuu ya taifa. Tulifanya mazoezi wiki tatu juani. Mmoja wetu, sitamtaja, ndiye aliyekuwa akikanyaga vizuri kutushinda sote. Asubuhi ya gwaride akaja na skafu ya kukata kwenye kitambaa kilichofanana, na viatu vya bata vyeupe vilivyopakwa rangi nyeusi. Kabla ya kuingia uwanjani mkubwa mmoja wa msafara alipita akitukagua. Akamtoa kwenye mstari. Akamwambia, "Wewe utatuharibia picha." Mwenzetu akaenda kuketi chini ya mti, na mstari ukasogea kuziba nafasi yake.

Msomaji, niliyesogea kuziba nafasi ile ni mimi. Nilisogea haraka, mabega juu, macho mbele. Hata sikugeuza shingo. Tulipiga saluti vizuri na picha ikatoka nzuri. Mwenzetu hajarudi kwenye Guides mpaka leo, ingawa darasani tuko pamoja na huniazima kalamu.

Sisemi kwamba mkubwa yule ni Nazi, astaghafirullahi. Alikuwa na haraka na alitaka tupendeze. Lakini nilipoitazama tena picha ile ya kitabuni, sikuwatazama tena walio kwenye mstari. Niliwaza juu ya ambao hawako kwenye picha. Na nikajua kwamba kusogea kuziba nafasi ni jambo jepesi mno. Halihitaji chuki. Linahitaji tu macho mbele.

TUFANYE NINI?

Sipendekezi kwamba sare zitupwe. Sare njema humsitiri maskini, humtambulisha anayeweza kukusaidia njiani, na humfunza mtu unadhifu. Ninayopendekeza ni haya.

Kwanza, kila chama cha shule, iwe Guides, skauti, drama au kwaya, kiwe na sanduku la sare za kuazimana. Wanaomaliza kidato cha nne wasiondoke na skafu na mishipi. Waviache kwa wadogo zao. Sisi tumekwisha kuanza, na sanduku letu sasa lina skafu saba na mishipi mitatu.

Pili, aliyefanya mazoezi aingie gwarideni. Akikosa kitu, wote tukipunguze. Kama mmoja hana bereti, sote tuvue. Kufanana ndiko huko.

Tatu, kila anayevaa sare aijue maana yake na awe huru kuivua. Kiongozi akishindwa kukueleza kwa nini wavaa, uliza tena kwa adabu.

Nne, mwenzako akitolewa kwenye mstari, geuza shingo. Hata kama picha itaharibika.

Makala hii nilimsomea mwenzetu yule kabla ya kuileta kwa mhariri, maana si haki kuandika habari za mtu nyuma ya mgongo wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Viatu havikuwa vyeupe, vilikuwa vya kijivu." Kisha akaniuliza kama ndani ya lile sanduku kuna skafu iliyobaki. Nikamwambia zimebaki saba.

Kalamu naiweka chini hapa. Mungu akitujaalia, tuonane tarehe 22 Februari.